Magitaa Mawili, Dramu Mbili: Nilivyogeuka Mpenzi wa The Allman Brothers Band

Nilihamia Georgia, kusini mwa Marekani, wakati bendera ya jimbo hilo ilikuwa bado na ule msalaba wa nyota wa majeshi ya Kusini yaliyopigana kulinda utumwa. Msalaba huo uliingizwa kwenye bendera mwaka 1956, wakati wanasiasa wa huko walipokuwa wakipinga kwa nguvu zote watoto weusi kusoma shule moja na watoto wa kizungu, na uliondolewa mwaka 2001. Kwa mtu mweusi aliyezaliwa Tanga, muziki unaoitwa roki ya Kusini ulikuja na alama hiyo hiyo: niliiona kwenye fulana za mashabiki, kwenye vioo vya nyuma vya magari ya pikapu, na katika picha za zamani za Lynyrd Skynyrd, bendi ya Jacksonville, Florida, ambayo ilikuwa ikiitundika nyuma ya jukwaa lake. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Niliuweka muziki huo kando, na sababu za kuuweka kando zilikuwa nzuri. Hata leo zipo bendi za aina hiyo ambazo sizisikilizi, na sioni haya kusema hivyo.

Aliyenishawishi kusikiliza alikuwa mzee mmoja wa kizungu niliyefanya naye kazi katika ghala la vipuri vya magari, mtu wa maneno machache aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa amezoea kunisikia nikipiga kanda za muziki wa dansi wakati wa mapumziko, na kilichomvutia si mashairi, kwa kuwa hakujua Kiswahili hata neno moja, bali namna magitaa yalivyokuwa yakijibizana. Aliniletea santuri mbili katika jalada moja, albamu ya mwaka 1971 iitwayo At Fillmore East, ya The Allman Brothers Band, iliyorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa jina hilo mjini New York, akaniagiza nianze na upande wa tatu. Nilimuuliza waziwazi kama hao nao ni watu wa ile bendera. Badala ya kunijibu alinionyesha picha ya jalada, vijana sita mbele ya ukuta wa matofali pamoja na masanduku ya vyombo vyao, wote wakicheka, kisha akaweka kidole juu ya mmoja wao, ambaye alikuwa mweusi kama mimi.

Huyo alikuwa Jai Johanny Johanson, ambaye wapenzi wa bendi humwita Jaimoe, mpiga dramu kutoka Mississippi aliyekuwa ameshawapigia waimbaji wa soul Otis Redding na Percy Sledge katika safari zao kabla ya kukutana na Duane Allman huko Muscle Shoals, Alabama. Duane wakati huo alikuwa mpiga gitaa wa studio, kijana wa kizungu mwenye nywele ndefu aliyeitwa kila walipokuja waimbaji weusi wa soul kurekodi, na ndiye aliyemshawishi Wilson Pickett mwaka 1968 aimbe kibao cha The Beatles ambacho Pickett mwenyewe hakukitaka. Machi 1969, mjini Jacksonville, wawili hao waliungana na mpiga besi Berry Oakley, mpiga gitaa Dickey Betts na mpiga dramu wa pili, Butch Trucks, kisha akaitwa Gregg, mdogo wake Duane, aje kutoka California kuimba na kupiga ogani. Mwaka huo huo walihamia Macon, Georgia, kwa Phil Walden, aliyekuwa meneja wa Otis Redding hadi mwimbaji huyo alipofariki kwa ajali ya ndege Desemba 1967, na ambaye sasa alikuwa akianzisha kampuni ya kurekodi ya Capricorn.

Inafaa kuukumbuka mwaka huo. Sheria ya haki za kiraia iliyokataza migahawa na hoteli kuwabagua weusi ilikuwa imepitishwa mwaka 1964, miaka mitano tu kabla ya hapo, na sheria kupitishwa Washington hakukuwa na maana kwamba mwenye mgahawa wa kijijini Georgia ameisoma. Vijana watano wa kizungu wenye nywele za mabegani, wakisafiri na mweusi mmoja kama mwenzao na si kama mtumishi wao, walikuwa wakitazamwa vibaya kila waliposimama kununua chakula. Mjini Macon aliyewalisha alikuwa Mama Louise Hudson, mwanamke mweusi aliyekuwa mmoja wa wenye mgahawa wa H&H, ambaye aliwapikia kuku na mboga na kuwaandikia deni walipokuwa hawana kitu. Walipopata fedha walimlipa, na baadaye walimchukua katika ziara yao. Habari hiyo haikunifanya niupende muziki, kwa maana wema wa wanamuziki hauwezi kuziba masikio ya msikilizaji, lakini ilinipa ruhusa ya kuweka sindano kwenye santuri.

Upande wa tatu una nyimbo mbili, na wa pili, usio na maneno, unaitwa "In Memory of Elizabeth Reed". Unachukua takriban dakika 13. Nilipousikia mara ya kwanza niliona ni kelele nzuri tu, kelele ya watu wanaojua wanachokifanya, lakini sikuona mlango wa kuingilia. Nilichokuwa nacho ni masikio ya dansi. Nimekulia katika mji uliowatoa ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, ambao walikwenda Nairobi na kuifanya Simba Wanyika kuwa bendi iliyochezwa Afrika Mashariki nzima. Katika nyumba yetu watu wazima waliweza kukaa kimya mashairi yakiimbwa, kisha wakainuka pale mashairi yanapokwisha na chemko kuanza, kwa sababu hapo ndipo magitaa yalipoachiwa kusema. Kwa hiyo wimbo mrefu haukunitisha. Wenzangu wengi wa Marekani wamelelewa na nyimbo za dakika tatu, na dakika 13 bila mwimbaji kwao ni adhabu. Kwangu swali lilikuwa moja tu, nalo ni nani anamwongoza nani.

Swali hilo halikuwa na jibu rahisi, na nadhani ndilo lililonivuta. Katika dansi nililolijua, kila gitaa lina kazi yake. Gitaa la rithimu hushika msingi, la solo hupanda juu, na msikilizaji hata akiwa amelala nusu anajua ni nani yuko wapi. Hapa kulikuwa na wapiga solo wawili wa daraja moja, Duane na Betts, ambao wakati fulani walipiga sauti moja kwa pamoja, mmoja juu kidogo na mwingine chini kidogo, kama waimbaji wawili wa pambio, na wakati mwingine mmoja aliondoka peke yake huku mwenzake akirudi nyuma kushika rithimu bila kusubiri kuambiwa. Nilianza kuusikiliza wimbo huo kwa kumfuata mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na baada ya hapo kumfuata mwingine, jambo ambalo mzee wa ghalani hakunifundisha lakini alilikubali alipolisikia.

Kwanza nilimfuata Betts, kwa kuwa ndiye mtunzi na ndiye anayefungua. Anapiga noti huku akiwa ameifunga sauti ya gitaa, kisha anaifungua kwa kidole kidogo, hivi kwamba sauti inachipuka bila kusikika nyuzi zikiguswa, mithili ya fidla. Kisha magitaa mawili yanakutana kwenye kiini cha wimbo, mwendo unabadilika na kuwa wa haraka, na Betts anatoka kwenda kwenye solo yake, ya kwanza katika zile mbili za magitaa. Ni mpiga gitaa anayejenga sentensi. Anasema jambo, analirudia akilibadilisha mwisho, analipandisha ngazi moja, na solo yake ikiisha unaweza kuiimba sehemu yake ukiwa bafuni. Baada yake Gregg anachukua nafasi kwa ogani, akituliza moto bila kuuzima, ndipo anaingia Duane.

Duane ni mtu wa namna nyingine. Betts anapokuchukua kwa utaratibu, Duane anakusukuma. Katika solo yake ya wimbo huo kuna mahali anapopanda hadi msikilizaji anadhani amefika kileleni, kisha anapanda tena, na bendi nzima inapanda naye bila mtu kuachwa nyuma. Wakati huo ndipo nilipolazimika kuanza kumsikiliza Berry Oakley, kwa sababu niligundua kwamba besi haikuwa chini kama nilivyotarajia. Oakley alikuwa ameanza maisha ya muziki kama mpiga gitaa, na besi yake inatembea, inauliza, inaingia katikati ya mazungumzo ya wenzake, hata mtu anaweza kuhesabu magitaa matatu ya solo. Kuna siku nilipiga wimbo wote nikiwa sisikilizi kitu kingine zaidi yake, na kwa kweli siku hiyo nilisahau kushuka kituo changu cha basi.

Dramu zilichukua muda mrefu zaidi. Kwa miezi mingi nilizisikia kama chombo kimoja kikubwa, na sikuelewa kwa nini bendi ilipe watu wawili kwa kazi moja, ilhali Afrika Mashariki bendi yenye mpiga dramu na mpiga tumba inakuwa imegawa kazi kwa vyombo viwili tofauti. Jibu linapatikana ukiwatenganisha. Butch Trucks anapiga moja kwa moja, kwa nguvu, kama treni ya mizigo ambayo haitasimama hata mkipiga honi. Jaimoe anapiga pembeni na katikati ya mapigo ya mwenzake, akiongeza lafudhi, akiacha tundu mahali ambapo sikio lilitegemea pigo, kwa namna ya wapiga jazi. Ni yeye aliyewaletea wenzake santuri za Miles Davis na John Coltrane, na vijana hao waliokuwa wamekulia blues walizisikiliza nyumbani mwao hadi wakaacha kuogopa kukaa juu ya mpangilio mmoja wa sauti (chord) kwa dakika nyingi na kuona kitakachotokea. Bila Jaimoe, kwa maoni yangu, hiyo ingekuwa bendi nzuri ya blues yenye kelele nyingi, ambayo leo ingekumbukwa Georgia na Florida pekee.

Ubishi wangu na wimbo wa mwisho wa albamu ulikuwa wa namna nyingine. "Whipping Post", unaojaza upande mzima wa nne kwa dakika 23, unafunguliwa na besi ya Oakley kwa mdundo ambao mguu wangu ulikataa kuufuata. Kila nilipodhani nimeushika, niliachwa nusu hatua. Nilikuja kujua kwamba mwanzo huo unahesabika kwa mapigo 11, hesabu isiyo ya kawaida katika roki, na kwamba Gregg, aliyeutunga akiwa na umri wa miaka 21, hakuwa na habari kabisa kuwa ametunga kitu cha 11: yeye alikuwa akihesabu tatu, tatu, tatu, halafu mbili za kurukia mwanzo tena. Nilipohesabu kama yeye, mguu ulitii mara moja. Gregg amewahi kusimulia kwamba wimbo huo ulimjia usiku katika nyumba isiyo na karatasi karibu, akaandika maneno juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi kwa masizi ya njiti za kiberiti. Mashabiki tunapenda sana kisa hiki, na mimi nakipenda pia, ingawa kujua hesabu ya tatu-tatu-tatu-mbili kumenifaa zaidi.

Kutoka hapo shauku ilianza kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Albamu hiyo inafunguliwa na "Statesboro Blues", na jina la mtunzi lililoandikwa hapo si la mtu yeyote katika bendi. Ni la Blind Willie McTell, mwanamuziki mweusi kipofu wa Georgia aliyekuwa akipiga gitaa la nyuzi 12, ambaye aliurekodi mwaka 1928 na kufariki mwaka 1959 bila kupata utajiri wowote kutokana nao. Wimbo unaofuata unatoka kwa Elmore James, na ule baada yake ni wa T-Bone Walker. Niliwatafuta wote watatu. Nilipomsikia McTell, sauti yake nyembamba na vidole vyake vyepesi, nilielewa kwamba Duane hakumwiga. Wimbo ulikuwa umepita mikononi mwa watu wengine, hasa mwanamuziki wa blues aitwaye Taj Mahal, ambaye katika toleo lake Jesse Ed Davis alipiga gitaa kwa kuteleza kitu kigumu juu ya nyuzi badala ya kubonyeza kwa vidole.

Duane aliisikia rekodi hiyo mwaka 1968 alipokuwa anaumwa mafua siku yake ya kuzaliwa. Gregg alimpelekea santuri hiyo ya Taj Mahal pamoja na chupa ndogo ya vidonge vya Coricidin. Duane alimwaga vidonge, akabandua karatasi ya chupa, akaivaa kwenye kidole na kuanza kujifunza. Katika "Statesboro Blues" ya Fillmore, noti za kwanza zinazolia juu ya bendi nzima zimetoka kwenye chupa ya namna hiyo ya dawa. Ninapowachezea rafiki zangu wa nyumbani rekodi hiyo huwa hawaamini kwamba mtu aliyepiga hivyo alikuwa amejifunza kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Macon iko mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Atlanta, na nilikwenda nikiwa na mashaka, kwa kuwa sipendi sana tabia ya kugeuza makazi ya wanamuziki kuwa mahali pa hija. Nyumba kubwa ya Vineville Avenue ambamo bendi, wake zao, watoto na marafiki waliishi kuanzia mwaka 1970 hadi 1973 sasa ni jumba la makumbusho, na inaitwa Big House kama walivyoiita wao. Kilichonigusa humo ni udogo wa mambo. Kuna jiko la kawaida ambamo Betts alimalizia kutunga "Ramblin' Man" alfajiri wengine wakiwa wamelala, na vyumba ambavyo, kwa idadi ya watu waliokuwa wakikaa humo, lazima vilikuwa na kelele mchana na usiku. Niliyezaliwa katika nyumba ya ukoo sikuhitaji maelezo ya mwongoza wageni. Watu wanaoishi hivyo wanajifunza kusemeshana bila kuinua sauti na kujua nani amekasirika kabla hajasema, na nilitoka nikiwa na hakika kwamba sehemu ya kile ninachokisikia kwenye santuri kilijengwa mezani na ukumbini, si katika mazoezi pekee.

Makaburi ya Rose Hill yako kwenye mteremko unaoshuka hadi mto Ocmulgee. Vijana hao walikuwa wakienda huko kukaa, kunywa na kupiga magitaa, na ndipo Betts alipolikuta jiwe lenye jina la Elizabeth Reed Napier, mwanamke aliyefariki miaka kadhaa kabla yeye hajazaliwa. Wimbo wenyewe aliutunga akimfikiria mwanamke mwingine aliyekuwa na mtu wake, na kwa kuwa hakuweza kumtaja, aliazima jina la marehemu. Nililitafuta jiwe hilo na kulipata, na nikashangaa kuona jinsi wapenzi wa muziki walivyomfanya mama huyo, ambaye huenda hangependa hata kidogo kelele zao, kuwa maarufu kuliko mameya na majenerali waliolala jirani yake.

Mbele kidogo ndipo alipozikwa Duane. Oktoba 29, 1971, miezi michache baada ya albamu ya Fillmore kutoka, alikuwa kwenye pikipiki mjini Macon alipojaribu kulikwepa lori, akaanguka, akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Novemba 11, 1972, Berry Oakley aliligonga basi akiwa kwenye pikipiki yake, umbali wa mitaa mitatu kutoka pale Duane alipoanguka. Alikataa kwenda hospitali, akarudi nyumbani, hali ikabadilika, na akafa siku hiyo hiyo, naye akiwa na miaka 24. Wamezikwa pamoja, na Gregg aliungana nao mwaka 2017.

Mambo haya ni ya kweli na ni ya kuhuzunisha kiasi cha kutosha, hivyo sielewi kwa nini mashabiki wanayaongezea. Utakutana na watu watakaokuapia kwamba albamu ya mwaka 1972, Eat a Peach, iliitwa hivyo kwa sababu lori lililosababisha kifo cha Duane lilikuwa limebeba mapichi. Halikuwa na mapichi. Jina lilitokana na jibu la utani alilolitoa Duane mwenyewe katika mahojiano, alipoulizwa anafanya nini kuyasaidia mapinduzi, akasema kila afikapo Georgia hula pichi kwa ajili ya amani. Kijana mcheshi wa miaka 24 anapotea namna hii nyuma ya sanamu ya mtu aliyeandikiwa kufa, na nimewaona watu wakisikiliza solo zake kana kwamba ni mahubiri ya msibani. Tazama ile picha ya jalada. Inasimuliwa kwamba wanacheka kwa sababu Duane alimwona mtu aliyekuwa akimuuzia vitu visivyoruhusiwa, akaruka kutoka kwenye picha, akarudi na kukaa na kifurushi mkononi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Walioendelea waliendelea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Albamu ya Brothers and Sisters ya mwaka 1973 iliupeleka wimbo wa "Ramblin' Man" hadi nafasi ya pili katika chati ya Marekani, na ndani yake kuna "Jessica", wimbo usio na maneno ambao Betts alimtungia binti yake mdogo na ambao alitaka uweze kupigwa kwa vidole viwili, kwa heshima ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono. Nimempigia mwanangu wimbo huo tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Julai 28, 1973, bendi ilipiga Watkins Glen, New York, pamoja na bendi za Grateful Dead na The Band, mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu 600,000. Baada ya hapo zikaja dawa za kulevya, fedha, kesi na kununiana, wakavunjika mwaka 1976, wakarudiana, wakavunjika tena, na sehemu kubwa ya walichokirekodi katika kipindi hicho sina hamu nayo.

Niliwaona jukwaani miaka ya 2000 mwanzoni, katika uwanja wa wazi mjini Atlanta, nikiwa na wasiwasi kwamba nimekwenda kutazama majina tu. Betts alikuwa ameshatolewa kwenye bendi mwaka 2000, kwa namna iliyowagawa mashabiki hadi leo. Waliobaki wa kwanza walikuwa Gregg, Butch na Jaimoe. Magitaa yalikuwa mikononi mwa Warren Haynes na Derek Trucks, mtoto wa kaka yake Butch, aliyepewa jina hilo kutokana na Derek and the Dominos, kundi la Eric Clapton ambalo Duane alirekodi nalo mwaka 1970. Besi ilipigwa na Oteil Burbridge, mtu mweusi, na nyongeza ya ngoma za mkono na Marc Quiñones. Kwa hiyo walikuwa watatu sasa nyuma, na hatimaye niliona kwa macho kile nilichokuwa nikikitenganisha kwa masikio: Jaimoe akiinamia dramu zake kwa utulivu, akimtazama mpiga solo kuliko alivyotazama mikono yake mwenyewe, na kila Derek alipokaribia kumaliza wazo lake, Jaimoe alikuwa ameshafika hapo akimsubiri.

Katika uwanja ule nyuso nyeusi zilikuwa chache, na fulana zenye ile bendera zilikuwepo. Mwanamume mmoja aliyeivaa alikuwa akilia machozi wakati bendi yenye Waafrika Wamarekani wawili ikipiga wimbo wa Muddy Waters, mkongwe mweusi wa blues, na sikujua nifanye nini na picha hiyo, wala sijui hadi sasa. Sikubaliani na wanaosema muziki huondoa tofauti. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba jukwaani mambo yalikuwa yamepangwa kwa haki zaidi kuliko kwenye viti.

Onyesho la mwisho la bendi lilifanyika kwenye ukumbi wa Beacon Theatre, New York, Oktoba 28, 2014, likavuka saa sita za usiku na kuingia tarehe 29, siku ya kumbukumbu ya Duane, na likafungwa kwa "Trouble No More", wimbo wa Muddy Waters waliokuwa wameufanyia mazoezi mwanzoni kabisa mwaka 1969. Sikuwepo. Mwaka huo huo, hata hivyo, zilitolewa katika sanduku moja la diski sita rekodi za maonyesho ya Fillmore ya Machi 12 na 13, 1971, manne kwa jumla, pamoja na lile la Juni 27 lililofunga ukumbi huo, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Wimbo uleule unapigwa usiku huu na usiku ule, wanamuziki walewale, ukumbi uleule, na hauendi njia ileile. Katika baadhi ya nyimbo za tarehe 12 utawasikia wapiga saksafoni walioalikwa na ambao mtayarishaji, Tom Dowd, alichukizwa nao kiasi cha kutaka waondolewe. Ukiwasikia utamwelewa Dowd, ingawa mimi, niliyezoea tarumbeta na saksafoni za dansi, nawaonea huruma kidogo.

Tangu Betts alipofariki Aprili 2024, Jaimoe ndiye pekee aliyebaki kati ya wale sita. Mimi na rafiki zangu wachache wa Kitanzania na Kikenya huku Atlanta hukutana nyumbani kwangu, tukala pilau na kubishana kuhusu diski hizo. Wao wote wanamchagua Duane. Mimi nimehamia kwa Betts, na hoja yangu ni kwamba solo zake unaweza kumwimbia mtu asiyewahi kuzisikia naye akazishika. Wananijibu kwamba hiyo ni hoja ya mtu aliyelelewa na Simba Wanyika, na mjadala unaendelea hadi mke wangu aulize kama kuna yeyote anayekumbuka kwamba kesho ni siku ya kazi.